Kipya Kinyemi

Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Na historia ya picha yathibitisha neno hilo. Mwaka 1854, mjini Paris, André Disdéri aliandikisha serikalini njia yake ya kupiga picha ndogo kadhaa katika kioo kimoja. Bei ikashuka. John Mayall alipotoa albamu ya jamaa ya Malkia Victoria mwaka 1860, Waingereza walishikwa na shauku ya kubadilishana kadi za sura zao. Lakini baada ya miaka michache kadi kubwa zaidi zikapendwa, na Disdéri akafa maskini mwaka 1889. Walakini kadi zenyewe zingalipo, maana zilikaa majumbani mwa wenyewe.

Programu za kugawana picha zafuata njia hiyo hiyo. Flickr ilianza mwaka 2004, Instagram mwaka 2010. Mwaka 2018 Flickr ilitangaza kwamba asiyelipa hatahifadhiwa picha zaidi ya 1,000. Za ziada zingefutwa. Hamu ya kuona na kuonwa haizeeki. Kizeekacho ni chombo. Basi aliyeweka sura za wazazi wake katika chombo cha mwingine, chombo kikizeeka atasaliwa na nini?