Kibao cha Baba Mdogo

Historia ya Mwika tumezoea kuisimulia kwa makanisa na kahawa. Mimi nitaisimulia kwa kibao kidogo cha mgrivea, kwa kuwa nilikichoma kwa mkono wangu.

Babu zetu waliishi katika nyumba za msonge, na mgeni aliingia kwa kuinama. Kahawa ikabadili mambo. Chama cha wakulima, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925. KNCU ikakirithi mwaka 1933. Fedha za kahawa zilinunua mabati, misumari na bawaba, na nyumba za pembe nne zikaenea mlimani. Hapo seremala akawa mtu wa lazima, maana bawaba haitaki kubahatisha. Ikizamishwa mno, mlango hukwama. Ikizamishwa kidogo, huacha mwanya.

Baba mdogo alikuwa seremala, wala hakutegemea jicho. Alikuwa na kibao chenye pengo lililolingana na bamba la bawaba ya inchi 4, na chini yake kipande cha kushika ukingo wa mlango. Alichora kwenye mlango, akakihamishia kwenye mwimo, akachora tena, kisha akashika patasi. Mlango na mwimo vikakutana bila ugomvi.

Alipofariki tuligawana vifaa vyake. Msumeno ulipata mtu, randa ikapata mtu, mimi nikapata patasi. Kibao hakikumpata mtu. Nikakitia motoni, chini ya sufuria ya ndizi.

Miaka mingi baadaye nilinunua mashine ya umeme ya kuchimbia mbao, nikitaka kupachika milango kabla ndugu hawajarudi nyumbani kwa Krismasi. Mlango wa kwanza niliuharibu, kwa kuiongoza mashine kwa mkono mtupu. Ndipo nikatengeneza kibao cha plaiwudi. Kisu cha mashine kina milimita 12, na pete inayokiongoza milimita 16. Basi pengo la bawaba ya milimita 100 nililikata milimita 104, kwani pete hukisogeza kisu ndani milimita 2 kila upande. Kina nilikilinganisha na unene wa bamba, nikajaribu kwanza kwenye kipande cha mbao kisicho na kazi. Pembe zilitoka mviringo. Nikazinyoosha kwa ile patasi.

Mlango wa pili ulifunga vizuri. Nami nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nimerithi chuma na kuchoma akili.

Kibao changu nimekiandika vipimo mgongoni na kukitoboa tundu la kukitundikia ukutani. Watakaogawana vitu vyangu wajue kuwa hiki si kuni.