Majalada ya Pingamizi: Ardhi na Kumbukumbu za Familia katika Migori na Homa Bay

Anayeandika historia ya mashamba ya makabaila wa Ireland huanza na daftari za kodi. Kabaila aliyekaa Dublin au London alitaka kujua nani analima kipande gani na anadaiwa kiasi gani, na mawakala wake waliandika yote hayo: jina la mpangaji, ukubwa wa shamba, malimbikizo ya kodi, pengine hata jina la mjane aliyeachiwa upangaji. Mwaka 1849, njaa kuu ikiwa imewafilisi makabaila wengi, iliundwa mahakama ya kuuza mashamba yenye madeni, na matangazo ya mauzo yake yalichapisha majina ya wapangaji. Ndiyo maana, ingawa Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Dublin iliteketea Juni 1922, nasaba ya mkulima fukara wa Ireland bado inaweza kufuatiliwa kupitia karatasi za bwana wake.

Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori za leo, haikuwa na kabaila wa aina hiyo. Ukoloni uliitenga kuwa eneo la Waafrika, mbali na nyanda za walowezi. Miongoni mwa Wajaluo ardhi ilikuwa ya weg lowo, wenye ardhi, na mgeni aliyekaribishwa, jadak, alilima kwa ridhaa ya mwenyeji wake. Jadak hakutozwa kodi ya pango. Alichodaiwa ni heshima, mkono wa kazi na kutojipandisha katika mambo ya ukoo, na deni la namna hiyo halikuhitaji daftari. Mpangaji wa Ireland aliandikwa kwa sababu alilipa. Jadak, ambaye uhusiano wake na ardhi haukuwa mwepesi hata kidogo, hakuandikwa popote.

Karatasi zilifika na mradi wa kuhakiki na kusajili mashamba. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka kila mkulima Mwafrika awe na hati ya kuchukulia mkopo. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ilipitishwa 1963, ile ya Uhakiki wa Ardhi ikafuata 1968, na kazi ikashika kasi Nyanza Kusini katika muongo uliofuata. Chini ya sheria hiyo ya 1968, kamati ya wakazi ilikaa na maofisa wa serikali, mipaka ikatembelewa, madai yakasikilizwa. Aliyenung'unika alikuwa na siku 60 za kuweka pingamizi, na baada ya hapo siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa waziri.

Hoja yangu ni kwamba mchakato huo uliacha nyaraka za aina mbili, nasi tumeitunza ile isiyo na habari. Ya kwanza ni rejista, kadi ya kijani inayotajwa kila siku katika ofisi za ardhi: namba ya kiwanja, ukubwa, jina la mwenyewe. Namba yenyewe hutanguliwa na jina la eneo ambalo mara nyingi ni jina la ukoo, kama Kanyada au Wasweta. Ukoo ulivuliwa mamlaka juu ya ardhi ukabaki kwenye anwani tu. Ya pili ni jalada la uhakiki lenye madai, michoro ya mipaka na mwenendo wa pingamizi. Humo ndimo mashahidi walieleza nani alimkaribisha nani, boma la zamani lilikuwa wapi, kaburi la babu liko upande gani wa njia. Jadak asiyekuwa na karatasi huko nyuma mara nyingi huonekana kwa mara ya kwanza hapa, kama mlalamikaji.

Tazama jinsi boma la mitala lilivyopotea katika kadi. Kwa desturi ya Kijaluo kila mke, awe mikayi, nyachira au reru, ana nyumba yake na mashamba yake, na wana hurithi kupitia nyumba ya mama. Kadi ilibeba jina moja, kwa kawaida la mume au mwana mkubwa. Wanawake ambao ardhi ilipita mikononi mwao hawamo. Katika jalada huenda wamo.

Kwa miaka mingi sheria ilihimiza usahaulifu huo. Kifungu cha 143 cha sheria ya 1963 kilikinga usajili wa kwanza usirekebishwe na mahakama, hata ukiwa umepatikana kwa udanganyifu. Katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, 1972, Mahakama Kuu ilimpa ushindi mjane aliyesajiliwa dhidi ya wana wa mke mwenza waliodai haki ya kimila: usajili, ilisema, ulikuwa umezima haki hizo. Kama kadi inatosha, jalada la nini?

Jibu lilikuja Oktoba 2018, katika kesi ya Kiebia iliyotoka Meru. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amana ya kimila inaweza kumfunga mwenye hati, kisha ikaweka maswali ya kupimia dai: Je, kabla ya usajili ardhi ilikuwa ya familia au ukoo? Mdai ni wa familia hiyo, na uhusiano wake si wa mbali mno? Je, angesajiliwa kama si jambo fulani kuingilia kati? Kadi ya kijani haiwezi kujibu hata moja kati ya hayo. Jalada linaweza. Mwaka huohuo UNESCO iliziandika kuta za mawe za Thimlich Ohinga, Migori, katika Urithi wa Dunia. Tunayalinda maboma ya karne ya 16, jambo jema, huku ushahidi wa maboma ya babu zetu ukiliwa na mchwa ofisini.

Wapo watakaosema kufungua majalada ni kuchokoza ugomvi uliolala. Sioni kama umelala. Mashamba mengi yangali kwa jina la babu aliyekufa, na Gazeti Rasmi la Kenya huchapisha matangazo ya mirathi mara kwa mara. Ireland iliogopa vivyo hivyo: nyaraka za Tume yake ya Ardhi, iliyowauzia wapangaji mashamba, zilikaa miongo mingi Portlaoise watafiti wakizuiwa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mashahidi wa miaka ya 1970 nao walikuwa na maslahi, na weg lowo waliketi kwenye kamati. Ni kweli, lakini karani wa kabaila naye hakuwa malaika, na wanahistoria wa Ireland wamejifunza kumsoma kwa tahadhari.

Sasa serikali inahamishia rejista kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021. Kadi ikishaingizwa kwenye kompyuta, kishawishi cha kuliona jalada kuwa takataka kitakuwa kikubwa. Idara ya Nyaraka za Taifa ina mamlaka kisheria juu ya uteketezaji wa nyaraka za umma. Iyatumie kabla zamu ya Homa Bay na Migori haijafika: ichukue majalada ya uhakiki na pingamizi, iyapange kwa eneo, kwa ukoo na kwa nyumba, na kaunti hizi mbili zipewe nakala.