Mkeka wa Mafunjo wa Buha
Mkeka wa mafunjo ni tandiko la asili la nyanda za juu za Kigoma, yaani Buha, nchi ya Waha, ambako Waha wa Kasulu na Kibondo, kwa kuwa jirani na mto Malagarasi, ambao mabwawa yake pamoja na ya Muyovozi yaliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, walijaaliwa malighafi isiyohitaji fedha. Mabua hukatwa, huanikwa hata yakauke, kisha hulazwa sambamba na kushonwa kwa kamba zilizokingama. Lakini kwa mkeka wa pwani husukwa kwanza ukili wa ukindu, mwembamba na mrefu, ndipo ukashonwa ukili kwa ukili. Mwenye kutaka kuukadiria mkeka mkongwe, hata kama umemvutia machoni, na augeuze kwanza, kwani ustadi hudhihirika upande wa nyuma, katika usawa wa mishono, na pembeni, ambako kamba huanza kukatika. Weusi wa moshi kwenye mkeka mkongwe, kwa rai yetu, si aibu ya kuoshwa. Adui wa mkeka ni unyevu, uletao ukungu. Mkeka huhifadhiwa kwa kuviringishwa, wala haukunjwi, maana bua kavu huvunjika.