Amplifaya na kebo za hedifoni

Amplifaya ya hedifoni ni kifaa cha elektroniki kinachoongeza nguvu ya mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye simu, kompyuta au kicheza muziki kabla hayajafika kwenye hedifoni. Kebo ya hedifoni ni waya unaobeba mawimbi hayo hadi kwenye spika ndogo za masikioni. Baadhi ya hedifoni zina kebo inayochomolewa, hivyo mwenye nayo anaweza kununua nyingine iliyotengenezwa na kampuni tofauti. Vitu hivi viwili hutangazwa pamoja kama njia ya kuboresha sauti, lakini uzito wake si sawa. Kwa hedifoni fulani amplifaya ni ya lazima, ilhali kebo mpya haiongezi mengi ikiwa ya zamani bado ni nzima.

Wakati amplifaya inapohitajika

Kila simu yenye tundu la hedifoni, na hata adapta nyingi ndogo za USB-C, tayari zina amplifaya ndani yake. Swali ni kama hiyo inatosha. Jibu hupatikana katika namba mbili zinazoandikwa kwenye maelezo ya hedifoni. Ya kwanza ni impidensi, yaani jinsi hedifoni inavyozuia mkondo geu wa umeme, nayo hupimwa kwa ohm. Ya pili ni unyeti, yaani kiasi cha sauti kwa desibeli (dB) ambacho hedifoni hutoa ikipewa nguvu ya miliwati 1.

Wanunuzi wengi hutazama impidensi peke yake. Hilo ni kosa. Sony MDR-7506, inayotumika sana studioni tangu miaka ya 1990, ina ohm 63 na unyeti wa dB 106. HiFiMan HE-6 ina ohm 50, karibu sawa na ile, lakini unyeti wake ni dB 83.5 tu. Nguvu ikizidishwa mara 10, sauti hupanda kwa dB 10. Basi ili kufikia dB 110, kiwango cha vilele vya muziki unaopigwa kwa sauti kubwa, Sony inahitaji miliwati 2.5 hivi na HE-6 takriban miliwati 450. Kwa volti ni 0.4 dhidi ya 4.7. Adapta inayotoa volti 1 inaitosha Sony na kubaki, lakini ikiwa na HE-6 haitavuka dB 97.

Hata hivyo impidensi ina maana yake. Nguvu ni volti kwa kipeo cha pili ikigawanywa kwa ohm, kwa hiyo volti 1 hutoa miliwati 31 kwenye ohm 32, lakini miliwati 4 tu kwenye ohm 250. Beyerdynamic DT 770 Pro huuzwa kwa ohm 32, 80 au 250. Mwenye simu pekee atapata nafuu kununua ya ohm 32 kuliko kuchukua ya 250 kisha kutafuta fedha za amplifaya.

Impidensi ya amplifaya yenyewe pia huhesabika. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba isizidi sehemu moja ya nane ya ile ya hedifoni. Ikizidi, hedifoni ambazo impidensi yake hubadilika kulingana na besi au sauti nyembamba zitabadilika mlio. Kwa upande mwingine, amplifaya yenye nguvu nyingi ikiunganishwa na hedifoni nyeti za ndani ya sikio huweza kuleta mvumo hata muziki ukiwa umesimama.

Nguvu hiyo ina hatari kwa masikio. Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha dB 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila dB 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Ni vizuri kushusha sauti hadi mwisho kabla ya kuvaa hedifoni.

Kebo

Kebo ya shaba yenye urefu wa mita 1.5, ikiwa na nyuzi nyembamba za milimita mraba 0.05, ina ukinzani wa ohm 1 hivi kwenda na kurudi. Kwenye hedifoni ya ohm 300 hilo hupunguza sauti kwa dB 0.03, kiasi ambacho hakuna sikio linaloweza kukitambua. Kwenye ya ohm 16 hufikia dB 0.5. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi tu, na shaba nene kidogo huifikia kwa gharama ndogo sana. Anayelinganisha kebo mbili ahakikishe zote zinatoa sauti sawa kwa ukubwa, kwa kuwa inayosikika juu kidogo hudhaniwa kuwa bora.

Sababu za kweli za kununua kebo ni urefu unaofaa, plagi inayotakiwa, na kuharibika kwa ile ya awali. Kwanza ihakikishwe kwamba kebo inachomolewa. Ya MDR-7506 na ya DT 770 Pro zimefungwa moja kwa moja. Plagi za kawaida ni za milimita 3.5 na 6.35. Zile za milimita 2.5 na 4.4 hutumika mara nyingi kwa muunganisho wa balansi, ambapo kila sikio lina nyaya zake mbili. Amplifaya ya balansi isiunganishwe kwa adapta na plagi ya kawaida yenye migusano mitatu, kwa sababu nyaya mbili za kurudi zitagusana na amplifaya inaweza kuungua.

Kebo ya kawaida ina waya mmoja wa kurudi kwa masikio yote mawili. Ukikatika, muziki huendelea lakini sauti ya mwimbaji hupotea, kwa kuwa kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Wengi huilaumu simu, kumbe waya umekatika karibu na plagi. Fundi anaweza kuukata na kuuchomea plagi mpya kwa risasi, mradi aunguze kwanza rangi inayofunika nyuzi hizo, la sivyo risasi haitashika.