Rangi ya Kucha

Huenda msomaji atashangaa kwamba mzee wa miaka sabini na mitano, aliyesomea ualimu chuoni na kuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, amekaa kitako kuandika habari za rangi ya kucha. Sina la kujitetea. Katika kazi yangu nilikagua kucha za wanafunzi kila Jumatatu asubuhi, na nadhani nimekagua kucha nyingi kuliko madaftari. Basi na nizieleze.

Nilizaliwa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ua nyuma. Jina la mtaa wetu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waliopiga kambi hapo. Lakini ua wetu ulikuwa ni dola nyingine kabisa, na mtawala wake alikuwa bibi yangu. Humo ndimo nilimoiona hina ikitengenezwa, kwa kuwa mtoto wa kiume aliruhusiwa kukaa uani mpaka pale alipoanza kusikiliza mno.

Majani ya mhina yalianikwa kivulini, yakatwangwa kinuni, yakachekechwa kwa kitambaa chepesi mpaka unga ukawa laini kama poda. Bibi aliukanda kwa maji ya ndimu na chai ya rangi, kisha akaulaza saa kadhaa ili uive. Jioni aliufinyanga juu ya kila ukucha, akafunga ncha za vidole kwa vitambaa, na aliyepakwa akalala mikono juu kama mgonjwa. Asubuhi ukucha ulikuwa rangi ya chungwa. Kesho yake uligeuka hudhurungi iliyoiva. Hina haikai juu ya ukucha kama rangi ya ukutani. Huingia ndani na kushikana nao. Kwa hiyo haifutiki kwa sabuni wala kwa dawa. Hungoja ukucha ukue wenyewe, nao ukucha wa mkono hukua kama milimita tatu tu kwa mwezi. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia kwa aibu.

Hina ilikuwa na sheria zake. Mwanamke aliyeolewa alipaka, bibi harusi alipakwa na somo wake, na mumewe aliporudi safari mke alipaka tena. Msichana ambaye bado hajaolewa alipewa kidogo siku ya Idi, duara dogo kiganjani, basi. Mtu akikutazama vidole alijua wewe ni nani na uko kwa nani.

Kutexi ilikuja bila sheria. Jina hilo ni la kampuni ya Marekani, Cutex, iliyoanza mwaka 1911 kwa kuuza dawa ya kulainisha ngozi ya pembeni mwa kucha, kisha mwaka 1917 ikatoa rangi ya maji. Kwetu jina la kampuni likawa jina la kitu chenyewe, kama vile kila dawa ya viatu ilivyoitwa kiwi. Rangi hizi ni ndugu wa rangi za magari: pamba au mbao iliyopitishwa katika asidi ya nitriki, ikayeyushwa katika kimiminika kinachokauka upesi, na kuacha utando mgumu unaong'aa. Kampuni ya Revlon ilipoanzishwa mwaka 1932 ilianza na bidhaa hiyo moja tu. Kumbe gari na kidole vilikuwa vikipakwa rangi ya ukoo mmoja.

Aliyeileta nyumbani kwetu ni dada yangu mkubwa. Alijifunza kupiga chapa, na mwaka 1966 akapata kazi katika ofisi moja ya mjini. Mpiga chapa huangalia vidole vyake siku nzima. Nadhani ndiyo sababu. Jumamosi jioni aliketi uani na kichupa kimoja chekundu. Aliloweka vidole katika maji ya vuguvugu yenye ndimu, akasukuma ngozi nyuma kwa kijiti cha kiberiti kilichoviringishwa pamba, akapiga tupa upande mmoja tu bila kwenda na kurudi. Rangi aliipaka nyembamba, mikupuo mitatu: katikati, kushoto, kulia. Wakati wa kaskazi, Dar es Salaam inapokuwa kama sufuria iliyofunikwa, rangi nene haikauki. Hufanya mapovu, na ukilalia mkono shuka huacha alama zake. Hayo yote aliyagundua mwenyewe kwa kuharibu na kuanza upya.

Shangazi yetu alimtazama jioni moja, akauliza swali moja tu: "Nani kakuoa?"

Miaka mingi nililichukulia swali lile kuwa ni matusi. Sasa naona shangazi aliuliza kama mtaalamu. Rangi ya vidole siku zote ilikuwa na mwanamume nyuma yake, naye alikuwa akimtafuta huyo mwanamume haonekani. Dada alijipaka kwa mshahara wake, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Mwanzoni mwa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi vilikuwa vipigwe marufuku, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa ni utumwa wa mawazo. Katika miaka hiyo hiyo, mkoani Arusha, Wamaasai walikuwa wakiamriwa waache ngozi na udongo mwekundu wanaojipaka, wavae suruali. Huyu aliambiwa anavaa Kizungu mno, yule akaambiwa havai Kizungu vya kutosha. Wakati ule sikuliona hilo. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa na hakika ya kila kitu.

Vijana hawakungoja Januari. Mwezi ule ule makundi yalikusanyika Kariakoo, karibu na soko la zamani, kabla ya hili la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Wanawake walizuiwa kwenye mabasi, wakazomewa, wakachaniwa nguo, hadi polisi wakaitwa kutawanya watu. Orodha ya makatazo kila kundi lilijirefushia lilivyotaka. Sisi tuliongeza kucha.

Dada aliteremka basini kiasi cha saa kumi na nusu. Gauni lake lilimpita magoti, wala hakuvaa wigi. Mmoja wetu akamshika mkono, akauinua juu ili wote waone, na watu wakapiga kelele. Mwingine akachota mchanga akamsugua nao vidole. Mimi nilisimama nyuma, safu ya tatu hivi. Sikumgusa. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo, kwamba sikumgusa. Alipogeuza uso nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Usiku ule aliosha mikono uani muda mrefu, akala, akalala. Hakusema lolote, nami sikuuliza. Jumatatu alikwenda kazini kucha zikiwa tupu. Baada ya wiki tatu zikawa nyekundu tena.

Nilikwenda chuo cha ualimu, nikafundisha, nikapandishwa cheo. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Sabuni yenyewe ilikuwa adimu, na kichupa cha rangi kilipatikana kwa magendo tu. Kwa hiyo kucha zenye rangi nilizihesabu kuwa kosa la nidhamu na la siasa kwa pamoja. Jumatatu moja, paredi, nilimkuta msichana wa kidato cha tatu ana kucha za hudhurungi. Nikaagiza wembe, nikamwambia kiranja akwangue.

"Ni hina, mwalimu," alisema yule binti. "Dada yangu kaolewa."

Nilijua ni hina. Msomaji aliyenifuata tangu uani kwa bibi anajua kwamba nilijua. Nilijua pia kwamba hina haikwanguki, kwamba wembe utamaliza ukucha kabla ya kuimaliza rangi. Lakini nilikwisha toa amri mbele ya wanafunzi mia nne, na siku zile niliamini kuwa amri ikirudi nyuma shule nzima inarudi nayo. Kiranja alikwangua mpaka kidole cha pili kikatoka damu, ndipo nikasema inatosha. Muhula uliofuata yule binti hakurudi. Niliambiwa amehamishwa. Sikuandika barua kwa wazazi wake, na siku hizi barua hiyo naiandika kichwani mara kwa mara.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kulegezwa, na kufikia miaka ya tisini maduka ya Kariakoo yalijaa vichupa vya kila rangi. Ndipo walipotokea vijana wapaka rangi, wenye beseni dogo, brashi, jiwe la kusugulia visigino na boksi la vichupa wanavyovigonganisha njiani ili wenye nyumba wasikie. Waume wengi walilalamika: iweje mguu wa mke wangu ushikwe na kijana nisiyemjua? Nimesikiliza mjadala huo barazani zaidi ya mara kumi, na sijaona mume hata mmoja aliyejitolea kuupaka yeye. Ilikuja pia piko nyeusi, iliyochanganywa na dawa ya nywele, na baadhi ya maharusi wakatoka malengelenge mikononi. Hiyo siitetei.

Mjukuu wangu sasa ana kabati zima. Kila kaskazi hujaribu rangi mpya: embe bivu, kijani cha ndimu, samawati ya bahari ya Kigamboni asubuhi. Hubandika mkanda wa gundi apate mstari ulionyooka, huchora maua kwa kijiti cha meno, na anayo taa ndogo ya kukaushia rangi za jeli, ambayo mara nyingi hukatika umeme yeye akiwa kidole cha nne. Aliwahi kuomba ajaribu kwenye kidole changu. Nilimnyima, kisha nikajuta.

Dada yangu anaishi nasi tangu mumewe afariki. Kwa umri wake hapitwi na sala hata moja, na rangi ya kucha huzuia maji ya udhu yasifike ukuchani, tofauti na hina. Wanawake vijana hujipaka katika siku zile ambazo hawaswali. Yeye siku hizo zilikwisha zamani. Kwa hiyo wamepatana na mjukuu. Akimaliza Isha anapakwa, nyekundu ile ile, na kabla ya Alfajiri inafutwa kwa asetoni. Ni rangi ya saa nane au tisa, na nyingi kati ya hizo yuko usingizini.

Mwezi uliopita mjukuu alikuwa amesafiri. Saa kumi na robo dada alinigongea mlango, ana pamba na chupa mkononi, kwa kuwa macho yake hayaoni tena vizuri kwenye mwanga wa taa. Tuliketi jikoni. Nilifuta kidole gumba, nikafuta cha shahada.

"Siku ile pale kituoni," alisema, "ulivaa lile shati la kijani."

Sikujibu.

"Nilikununulia mimi. Mshahara wangu wa kwanza."

Nikasema, "Nakumbuka, dada."

Akaniambia niongeze dawa kwenye pamba, imekauka, kisha akaninyooshea mkono wa pili.