Nani Aliyemlaza Mwananchi? Fundisho la Ushirika, 1966 hadi 1982

Hakuna kauli inayorudiwa mara nyingi katika mikutano ya viongozi kuliko ile isemayo kwamba wananchi wamebweteka. Hawahudhurii mikutano, hawaulizi mapato na matumizi, hawaingii katika kazi za kujitolea mpaka wasukumwe. Nako vijijini, ukikaa na wananchi chini ya mwembe baada ya kazi, utaisikia kauli ya upande wa pili: viongozi ni wale wale, na kuwauliza ni kupoteza siku. Kila upande unaunyoshea mwenzake kidole.

Sisi tunaofundisha siasa tunaona kwamba kauli zote mbili ni nyepesi mno. Ubwete wa wananchi si tabia ya kuzaliwa, wala uongozi mbovu si mkosi ulioshuka kutoka mbinguni. Vitu hivi vina historia, na kwa hapa kwetu historia hiyo imo katika sheria zilizopitishwa na katika maamuzi ya vikao, vikiwamo vikao vya Chama chetu wenyewe. Tunataka kuichambua kwa mfano mmoja, nao ni vyama vya ushirika vya wakulima. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima kwa amri ya Serikali, na wanachama wenye mali hiyo hawakufanya hata maandamano. Swali letu ni kwa nini walinyamaza.

MKULIMA ALIYESHIKA MIZANI

Lazima tukumbuke kwanza kwamba mkulima huyu hakuwa mnyonge wa akili. Mwaka 1925, chini ya ukoloni wa Mwingereza, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao wenyewe, wakati walowezi walipokuwa wakipiga kelele kwamba Mwafrika asiruhusiwe kulima zao hilo. Chama hicho ndicho kilichozaa KNCU mwaka 1933. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyopunja. Walianza kwa jambo dogo sana: kuipima pamba yao wenyewe kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Kutokana na jambo hilo dogo, na chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, kulizaliwa mwaka 1955 shirikisho la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa katika Afrika. TANU ilipopita mikoani kudai Uhuru, ilikuta wananchi ambao tayari walikuwa wamezoea kukaa mkutanoni, kuchagua mtu, na kumtoa akiwaibia.

Baada ya 1961 mambo yalikwenda kwa pupa. Serikali ilitaka biashara ya mazao itoke mikononi mwa wafanyabiashara binafsi, jambo ambalo lilikuwa halali kabisa. Lakini ikaharakisha. Vyama vikaanzishwa hata mahali ambapo wakulima hawakuviomba wala kuvielewa. Vya Kilimanjaro na Ziwa vilizaliwa shambani. Hivi vipya vilizaliwa ofisini. Mwanachama wa namna hii hakukiona chama kuwa chake. Alikiona kuwa ni duka jingine la kuuzia mazao, lenye karani mwenye kalamu sikioni.

Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu kuchunguza ushirika, na kamati hiyo ilikuta wizi, makarani wasiojua kazi, ajira za kupeana kindugu, na wanachama ambao hawakujua haki zao ndani ya chama chao wenyewe. Hapa tusimwonee huruma mwanachama kupita kiasi. Wizi mwingi ulifanyika mbele ya macho yake. Karani alipokanyaga mizani watu waliona, wakacheka pembeni, maana karani alikuwa shemeji wa fulani na kesho angeweza kukataa gunia lako. Mwizi wa mali ya ushirika hakuitwa mwizi, aliitwa mjanja. Hii ni dhambi ya umma, na hatuwezi kuifuta kwa kuwatukana viongozi peke yao.

DAWA ILIYOKUWA SUMU

Ugonjwa ulikuwa ni mwanachama asiyekidhibiti chama chake. Kamati yenyewe ilihimiza elimu ya wanachama. Lakini elimu huchukua miaka, na mrasimu hapendi jambo la miaka. Mwaka 1968 ikaundwa Tume ya kusimamia watumishi wa ushirika, na kuanzia hapo kuajiri na kufukuza watumishi kukahamia kwenye Tume. Ile haki ambayo mkulima wa pamba aliipata kwa jasho, ya kumtoa aliyemwibia, ikapelekwa Dar es Salaam kwa ajili ya kumlinda. Mwizi hakuondoka. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwanachama alikuwa na sababu nzuri ya kutohudhuria mkutano.

Mwaka uliofuata kulitokea jambo ambalo vitabu vyetu vya mafunzo hulipita haraka. Huko Ruvuma, vijana wa TANU walikuwa wameanzisha kijiji cha Litowa, na kufikia 1963 waliunganisha vijiji vyao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, RDA. Walilima pamoja, waligawana kwa kazi, walikuwa na shule yao na mashine yao ya kusaga, na mambo yote waliyaamua katika mkutano wao. Mwalimu alikijua kijiji hicho na kukisifu. Alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967, hakuwa akiota, alikuwa akieleza kitu ambacho baadhi ya wananchi walikuwa wanakifanya. Lakini kwa viongozi wa mkoa, wananchi wanaojiamulia mambo bila kungoja maelekezo walikuwa tatizo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba RDA ivunjwe, na mali zake zikachukuliwa.

Tunaomba msomaji atulie hapa. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Kama kulikuwa na mahali popote nchini ambapo Azimio lilikuwa limeshika mizizi kwa hiari ya watu, palikuwa hapo. Na aliyeling'oa hakuwa bepari wala mkoloni. Ni sisi, kwa kura, kikaoni. Kila kiongozi wa mkoa na wilaya alielewa maana ya uamuzi ule hata kama haukuandikwa: kwamba Ujamaa unaokubalika ni ule unaoletwa na ofisa. Na kila mwanakijiji aliyekuwa na akili alielewa upande wake.

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1971 Mwongozo ulimwambia mwananchi asikubali kiongozi mwenye majivuno na uonevu. Wafanyakazi viwandani wakauchukua Mwongozo kwa maana yake halisi, wakagoma mara nyingi kati ya 1971 na 1973, na wengi waliishia kufukuzwa kazi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa na mpango wa Madaraka Mikoani ukaanza, ambao ulitayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani iitwayo McKinsey. (Chama cha wakulima na wafanyakazi kiliwauliza washauri wa mabepari namna ya kuwapa wananchi madaraka, wala hatukuona kichekesho.) Madaraka yalifika mikoani kweli, lakini yaliwafikia wakurugenzi. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, wengine kwa hiari na wengi kwa nguvu, na Sheria ya Vijiji ya 1975 ikakifanya kila kijiji kuwa chama cha ushirika kwa tamko. Vijiji vilizidi 7,000. Hivyo, ilisemekana, vyama vikuu havina kazi tena. Mei 1976 vikavunjwa, na mazao yakakabidhiwa kwa Mamlaka: ya Kahawa, ya Pamba, ya Korosho na nyinginezo.

Kwa hiyo mkulima alinyamaza mwaka 1976 kwa sababu alikuwa amefundishwa kunyamaza kwa muda wa miaka minane. Chama kilichovunjwa hakikuwa tena chake kwa muda mrefu. Ni jina tu lililokuwa limebaki ubaoni.

MGOMO WA JEMBE

Lakini kunyamaza si kukubali. Viongozi wengi wa wakati ule waliusoma ukimya wa vijijini kama utulivu, na hilo ndilo kosa kubwa la kinadharia ambalo kada anaweza kulifanya. Mamlaka za Mazao zilijaa maofisa, magari na gharama, na gharama hizo zilikatwa kwenye bei ya mkulima. Mwaka 1970 mkulima alikuwa akipata karibu asilimia 66 ya thamani ya mauzo ya mazao yake. Kufikia 1980 alikuwa akipata kama asilimia 42. Hakuwa na mkutano wa kulisemea jambo hilo. Mwenyekiti wa Tawi la Chama ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kijiji, yaani msimamizi wa utekelezaji na mkosoaji wa utekelezaji walikuwa mtu mmoja, na asubuhi hawezi kujiandikia barua ya onyo.

Basi mkulima akajibu kwa jembe. Mpakani alivusha mazao kwa magendo. Kwingineko alilima chakula cha nyumba yake na kuliacha zao la biashara lizongwe na magugu. Tuangalie korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000 kwa mwaka, na viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mikopo vilisimama bila kazi. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, hatukatai. Lakini watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, na bei haikumpa mtu sababu ya kutembea mwendo huo kwenda kupalilia. Vita vya Uganda na bei ya mafuta ya petroli havikung'oa palizi Newala.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria za kurudisha ushirika na serikali za mitaa, na Mwalimu, alipohojiwa mwaka 1984, alikiri waziwazi kwamba kuvifuta vyombo hivyo viwili kulikuwa kosa ambalo asingelirudia. Ni wachache miongoni mwa wakuu wa nchi waliowahi kusema hivyo wakiwa bado madarakani. Aliyeandika Tujisahihishe mwaka 1962 hakuisahau kalamu yake. Lakini tukiri pia kwamba kosa hilo lilichukua miaka kusahihishwa kwa sababu hapakuwa na mtu chini yake aliyeweza kulisema likasikika, na wale waliolijua mapema, yaani wakulima, ndio walionyang'anywa mahali pa kulisemea.

Vyombo vilivyorudi havikuwa vile vilivyoondoka. Sheria hurudishwa kwa siku moja. Mazoea ya kukaa mkutanoni na kumkabili karani hayarudishwi hivyo. Mtoto aliyezaliwa Litowa mwaka 1969 alikuwa mtu mzima kabla hajaona chama chochote kikiongozwa na wanachama wake. Siku hizi mkutano mkuu wa kijiji unapokosa watu, ofisa humwandikia mkubwa wake kwamba mwamko ni mdogo, na taarifa hiyo hukubaliwa bila kuulizwa kama mapato na matumizi yalibandikwa.

Hata hivyo Oktoba 2018 tuliona jambo Tandahimba na Newala. Chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, zabuni za wanunuzi wa korosho zilikuwa zikisomwa mbele ya wakulima. Bei zilisomwa, wakulima wakaziona ni ndogo, wakakataa kuuza. Hakuna kada aliyewatuma. Novemba Serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kubeba. Bei hiyo ilizidi ile ya wafanyabiashara, na wakulima waliifurahia. Lakini malipo ya baadhi yao yalichelewa kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo hawakuwa na mnada wa kukaa na kukataa. Walikuwa na orodha za uhakiki, na ofisi ya kwenda kuulizia kama jina limetoka.