Imepanda, Imeshuka: Vitenzi vya Maradhi ya Moyo

Pale Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, presha ina vitenzi viwili: inapanda na inashuka. Dereva wa lori anayesubiri karatasi zake zipite forodhani ili avuke kwenda Lunga Lunga atakwambia ilimpanda jana njiani. Mama muuza mihogo na papa atasema yake ilishuka tangu Ramadhani, hana neno nayo tena. Kwa lugha hiyo presha huja, ikamsumbua mtu, kisha ikaenda zake. Madaktari wa moyo wanaijua kwa sura nyingine kabisa. Wao wanaiona ikikaa kimya mwilini miaka na miaka, haipigi hodi, huku ikichosha moyo, figo na mishipa ya ubongo. Naamini sehemu kubwa ya umbali kati ya daktari na mgonjwa imejificha ndani ya vitenzi hivyo viwili.

Sisi wapenzi wa istilahi tumezoea kuhangaikia nomino. Tangu kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, hadi BAKITA iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, kazi kubwa imekuwa kukitafutia kila kitu kigeni jina lake. Shinikizo la damu ni moja ya majina yaliyopatikana vizuri. Kamusi za zamani zinalieleza shinikizo kuwa mtambo wa kukamulia mafuta, na kushinikiza ni kubana kwa nguvu mpaka kilichomo kitoke. Ukifikiria damu inayosukumwa ndani ya mshipa uliokaza, jina limelenga shabaha. Lakini ni jina la taarifa ya habari na la bango la ukutani. Benchini watu wanasema presha, na muuguzi naye, akishamaliza kujaza fomu, anasema presha. Sioni sababu ya kulipiga vita neno hilo. Limeshaingia katika ngeli likatulia, lina dawa zake na kipimo chake, na ng'ambo ya mpaka wanalielewa vilevile. Nomino imetosha. Kilichotuponyoka ni maneno yanayoizunguka.

Chukua neno dozi. Kwenye benchi la duka la dawa, mama mmoja mtu mzima alifungua pindo la kanga akatoa pakiti ya amlodipini, dawa ya presha, iliyokwisha, kijikaratasi chake cha fedha kimepasuliwa kila mahali. Kijana wa dukani akamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sasa hivi unatumia dawa gani?"

"Situmii. Nilipewa dozi nikaimaliza yote, sikubakisha hata kimoja."

Alisema kwa fahari ya mtu aliyetii, na kweli alikuwa ametii. Kwa miaka mingi redio, mabango na waganga wa zahanati wamemfundisha Mtanzania jambo moja kubwa kuhusu dawa: maliza dozi. Yalikuwa mafundisho ya malaria na ya viuavijasumu, na kwa maradhi hayo ni sahihi mpaka leo. Ila neno lenyewe likajijengea mwisho ndani yake, maana dozi ni kitu kinachoisha. Mama huyu alipewa vidonge 30 vya mwezi mmoja, akavihesabu kuwa ndiyo dozi, akavimaliza, akajiona amepona. Kijana alipomfunga ule mkanda mkononi, namba zilizosomeka zilimfanya apime mara ya pili kabla ya kusema lolote.

Huyo si mtu mmoja aliyepitiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao, asilimia 46, hawajui kama wanalo. Kwetu gharama yake imeshapimwa. Profesa Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi katika hospitali ya Muhimbili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2014. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55 tu, na chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 45 ya wagonjwa, kilikuwa presha. Katika umri huo mtu bado anasomesha watoto, bado anaendesha lori.

Lugha yetu imeshawahi kulitatua tatizo la namna hii, na ilifanya hivyo kwa ustadi ambao hatujausifu vya kutosha. Dawa za VVU zilipoenea ilibidi kumweleza mgonjwa kwamba atameza vidonge maisha yake yote, na kwamba kirusi hakitaondoka ila kitapoteza makali. Kitenzi kilichoshika ni kufubaza. Rangi iliyofubaa ipo, ila imekosa nguvu ya kuonekana. Virusi vikifubaa navyo vipo, ila vimekosa nguvu ya kudhuru, na ukiacha dawa vinarudi. Yote hayo yamo katika kitenzi kimoja ambacho bibi wa kijijini anakielewa bila mhadhara. Likaja pia neno ufuasi, kwa maana ya kuishika dawa siku zote bila kukatisha, na wahudumu wakawa wanamsifu mgonjwa kuwa ni mfuasi mzuri. Presha haikupata bahati hiyo. Tumeiachia kushusha, na kitu kikishashuka, cha kushushia cha nini tena?

Wizara na wataalamu wanatumia kudhibiti, na mwanzoni nililiona neno la ofisini mno. Sasa nalitetea, kwa sababu ya barabara ileile ya Tanga kwenda Mombasa. Kila dereva wa basi anakijua kidhibiti mwendo. Kifaa hicho hakisimamishi gari, wala hakifungwi siku ya mwendo kasi na kufunguliwa siku ya utulivu. Kipo muda wote injini inapounguruma. Dawa ya presha ni hivyo hivyo. Ukimwambia dereva presha yake inadhibitiwa, ameshaelewa nusu ya matibabu kabla hujamtajia jina la kidonge.

Kuna kitenzi kingine kinachotuumiza, nacho ni kuongezewa. "Nimeongezewa dawa" husemwa kwa sauti ya huzuni, kana kwamba maradhi yameshinda. Utafiti unaonyesha vingine. Ule uitwao CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwachunguza wagonjwa 728 Waafrika weusi katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Wote walipewa dawa mbili kwa pamoja, na waliopata amlodipini pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, au amlodipini pamoja na perindopril, presha yao ilishuka zaidi kuliko ya wale ambao jozi yao haikuwa na amlodipini. Kwa wagonjwa wengi dawa mbili ndizo zinazofaa tangu mwanzo, na zikiwekwa katika kidonge kimoja mgonjwa ana kitu kimoja tu cha kukumbuka asubuhi. Ningependa tuseme ameunganishiwa dawa. Mtu aliyeunganishiwa hajasikia habari ya kushindwa.

Namba nazo zina mtego wake. Muuguzi akisema "ya juu 130, ya chini 85", anataja vipimo viwili vya pigo moja: moyo unapojikamua na unapotulia. Mgonjwa anaondoka akiamini ana presha ya juu na presha ya chini kwa pamoja, maana majina hayo ndiyo yaleyale ya magonjwa mawili. Namba ya kubana na namba ya kulegea zingefaa zaidi.

Mshtuko wa moyo na shambulio la moyo sitavichambua kwa kirefu. Vyote viwili vinampeleka msikilizaji kwenye habari mbaya ya ghafla, msiba au ugomvi, wakati kilichotokea ni mshipa unaolisha nyama ya moyo kuziba. Mishipa kuziba ni lugha ambayo watu tayari wanaitumia, ishike nafasi.

Kiharusi kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo jina hubadili njia ya miguu. Gerry Mshana na wenzake walichunguza wanavyokifikiria watu wa Hai, Kilimanjaro, na wa Dar es Salaam, wakachapisha mwaka 2008. Dar wengi walikihusisha na majini na uchawi. Hai walikihusisha zaidi na sababu za kimwili. Yaani mjini, karibu na hospitali kubwa, ndiko imani ya majini ilikokuwa na nguvu. Pwani yetu hii nayo ina msamiati mpana wa pepo, na mtu aliyepinda mdomo ghafla na kuishiwa nguvu upande mmoja anaweza kuanzia kwa mganga. Silidharau neno pepo, lina historia yake na ngoma zake. Nasema tu kwamba saa za mwanzo za kiharusi ni chache na za thamani kubwa, na kauli "mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka" humpakia mgonjwa kwenye gari la hospitali upesi zaidi.

Lehemu ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Kwa fundi, lehemu ni ile madini laini inayoyeyushwa ili kuunga bati na waya, na asili yake ni kitenzi cha Kiarabu cha kuunganisha. Waandishi wa afya wakaichukua iwe jina la mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa. Aliyewahi kuona tone la lehemu likidondoka, likashika na kugoma kubanduka, ameona kinachotokea ndani ya mshipa. Watu wengi bado wanasema mafuta mabaya, na si vibaya, lakini mafuta mabaya yanamfanya mama aitazame nazi kwa woga na kuisahau chumvi. Katika upwa wa Mkinga, wilaya ilimo Horohoro, ambako samaki hukaushwa kwa chumvi tangu enzi, chumvi ndiyo ya kuzungumziwa kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pia iliyomo kwenye ng'onda na kwenye mkate.

Halafu kuna moyo kushindwa kufanya kazi. Ni istilahi sahihi na katili. Mgonjwa anasikia hukumu, na jamaa wanaanza kunong'ona. Mtaani wanasema moyo umetanuka, na hilo angalau linaeleza umbo: msuli uliochoka hulegea na kupanuka. Siku hizi tuna sababu ya kuchagua jina lenye pumzi zaidi, kwa kuwa tiba imesogea. Utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 4,700, ulionyesha kwamba dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, hupunguza vifo na kuzidiwa kwa wagonjwa hawa, hata kwa wasio na kisukari. Moyo uliochoka, basi. Kilichochoka husaidiwa.

Neno tundu nalo lina mambo. Mtoto anazaliwa na tundu kwenye moyo. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, anaweza kutibiwa kwa tundu dogo, yaani kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Maradhi na tiba vimepewa jina moja. Mzazi anayetoka Mkinga, aliyesimuliwa haya kwa dakika tano, ana haki ya kuuliza iweje tundu lizibwe kwa kutoboa jingine. Tiba kwa mrija ingemwondolea wasiwasi huo. Taasisi hiyo imefanya vizuri zaidi kwa jina la tiba mkoba, pale madaktari wake wanapowafuata wagonjwa mikoani. Mkoba kila mtu anaujua. Mganga wa jadi anao, mkunga anao, na sasa daktari wa moyo naye anao.

Jina ambalo ningelibadili leo, kama ningepewa ruhusa, ni homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu huharibu milango ya moyo ya watoto na vijana, na jina lake linamwelekeza mzazi kwenye baridi na viungo: mfunike mtoto, mkande magoti. Chanzo chake ni koo. Bakteria wa mafindofindo wasipotibiwa kwa penisilini, kinga ya mwili wa mtoto inaweza kugeuka na kuushambulia moyo wake mwenyewe. Na katika sehemu nyingi za nchi hii koo linalosumbua bado hupelekwa kwa mkata kimio, ambaye hakati kitu chochote kinachohusu bakteria hao. Kaskazini mwa Uganda watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto na vijana 818 waliogundulika na dalili za awali kwa kipimo cha moyo. Katika kundi lililochomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, katika kundi lisilochomwa ulifika asilimia 8.2. Sindano hiyo ni ya zamani, na bei yake haitishi. Ugonjwa huo uitwe homa ya koo na moyo, ili mama anayesikia jina lake kwa mara ya kwanza amwambie mtoto afungue kinywa.